Ni mambo gani ya nyumbani mnawaeleza marafiki wa mtandaoni, na yapi mnayaacha?

Mama Vifaranga (Iringa)

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeleta mvutano nyumbani kwangu, na ninaamini si mimi peke yangu ninayelipitia.

Nimo katika kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku chotara, lenye watu wapatao mia mbili. Lilianza kama mahali pa kuulizana bei ya chakula na ratiba ya chanjo za kideri na gumboro, lakini kadiri muda ulivyosogea likageuka kuwa mahali ambapo watu huelezana maisha. Wapo wanachama wa Mbeya, Dodoma, Singida, Bukoba na hata Eldoret, na wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Hata hivyo, ndio wanaonijulia hali kila asubuhi, ndio waliojua kwamba mwanangu amefaulu darasa la saba kabla majirani zangu hawajajua, na ndio waliokesha nami usiku mmoja wa Julai umeme ulipokatika, baridi ya Iringa mnaifahamu, nami nina vifaranga wachanga waliokuwa wakitegemea joto la balbu. Mmoja alinielekeza niwashe jiko la mkaa nje mpaka moshi uishe, nilifunike kwa chungu kilichotobolewa ndipo niliingize bandani, nishushe pazia la upande wa upepo lakini niache mwanya juu ili hewa ipite. Mwingine akawa ananipigia simu kila baada ya muda ili nisipitiwe na usingizi. Mtu aliyekufanyia hivyo ni vigumu kumwita mgeni.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwaka huu mume wangu, ambaye ni dereva, aliachishwa kazi na kampuni aliyoitumikia kwa muda mrefu. Yeye alitaka jambo hilo linyamaziwe hadi apate kazi nyingine, hasa kwa kuwa mama yake ana shinikizo la damu na ndiye anayetumiwa fedha za matumizi kila mwezi. Mimi nami nilikuwa nimeelemewa, nikaandika kundini kwamba tumeyumba, kwamba mume hana kazi, na kwamba nimelazimika kuwauza matetea walioanza kutaga ili nilipe ada. Nilipata faraja kubwa, pamoja na mteja aliyewanunua matetea hao kwa bei ya haki. Lakini siku chache baadaye mama mkwe alimpigia mwanawe akilia, akiuliza kwa nini amefichwa. Ikaja kubainika kwamba mwanachama mmoja ni jirani wa shangazi wa mume wangu kijijini, na kwamba aliupiga ujumbe wangu skrinishoti akaurusha kwa watu wa ukoo.

Mume wangu hakunigombeza. Alisema tu kwamba habari ya kuachishwa kazi ilikuwa yake, si yangu. Mimi naona ilikuwa yetu sote, kwa sababu ndimi ninayesimama mbele ya mwenye duka na pesa isiyotosha. Mawifi wamekwenda mbali zaidi. Wanataka nijitoe kundini kabisa. Naomba wenye uzoefu mnieleze: raha na shida za kila siku mnawaeleza marafiki wa namna hii kwa kiasi gani, na mnafanyaje pale ambapo habari yako imefungamana na ya mtu mwingine?

Mzee wa Salamu (Morogoro)

Mwanangu, pole kwa misukosuko, na umfikishie pole mwenzako pia. Nitakujibu kwa kurudi nyuma kidogo, maana urafiki wa watu wasioonana haukuletwa na simu hizi.

Sisi wa rika langu tulikuwa wapenzi wa salamu za redio. Ulinunua kadi ya salamu, ukajaza jina lako, sanduku lako la posta, majina ya wale unaowasalimu na ujumbe mfupi mwishoni, kisha ukaituma Radio Tanzania Dar es Salaam, au Sauti ya Kenya kwa wenzetu wa upande wa pili. Mtangazaji akiisoma, jina lako lilisikika kuanzia Kigoma hadi Mtwara. Walikuwapo pia wa idhaa za nje: Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957, Radio Peking mwaka 1961, Deutsche Welle mwaka 1963, na kote huko wasikilizaji waliunda klabu zao. Watu walijipa majina ya utani ambayo yalikuja kuyafunika majina waliyopewa na wazazi wao. Klabu yetu ilikuwa na kawaida ya kuchangishana nauli kwenda kumzika mwenzetu ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa jina la redioni tu. Safari moja tulifika msibani tukaulizia nyumba ya fulani, majirani wakatushangaa, mpaka mjane alipotoka na kutamka majina yetu mmoja mmoja, kwa kuwa alikuwa akiyasikia jioni zote akiwa jikoni.

Nimeeleza haya kwa sababu moja. Sisi tulijua fika kwamba tukisema neno, linasikiwa na nchi nzima, wakwe wakiwamo. Kwa hiyo tulijizoeza kuieleza hali bila kukitaja kisa. Mtu aliandika, "Nipo katika mtihani, niombeeni," na hapakuwa na aliyeuliza hewani ni mtihani gani. Aliyeguswa kweli aliandika barua kwa anwani aliyoisikia, na humo ndani ya bahasha ndimo kisa kilipoelezwa, kwa mtu mmoja, kwa mwandiko wa mkono. Redio ilibeba hali, barua ilibeba kisa, na kati yake palikuwa na safari ya kwenda posta, ambayo ilimpa mtu nafasi ya kujiuliza kama kweli anataka kusema.

Simu imeviweka vyote viwili mahali pamoja. Kidole kile kile, kioo kile kile, herufi zile zile. Tofauti kati ya kuwaambia watu mia mbili na kumwambia mmoja ni kugusa jina lililo juu kidogo au chini kidogo. Tena usiku, ukiwa kitandani, watu mia mbili hao hawaonekani. Unahisi unazungumza na wale wawili waliokesha nawe kwa ajili ya vifaranga.

Ushauri wangu ni kwamba usijitoe kundini. Kundi lililokesha nawe halitupwi kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Ila lirudishie kundi kazi ya redio. Ungeweza kuandika, "Mwezi huu fedha zimekuwa ngumu kwetu, ninauza matetea walioanza kutaga," na ungepata mteja yule yule na dua zile zile. Kisa cha ofisini kwa mumeo, yaani nini alichoambiwa, na nani, na kwa nini, hicho ni cha bahasha, na bahasha hiyo ungeifungua baada ya kuzungumza naye. Ninaona mna haki nyote wawili: ada, duka na uchovu ni vyako, aibu ya kuachishwa ni yake, na mwanamume wa umri wake hupenda kuchagua mwenyewe ni lini mama yake aijue.

Na hao mawifi, kwa heshima zote, wanamwacha mwizi na kumshika mwenye nyumba. Aliyepiga skrinishoti yuko wapi katika lawama hizi?

Mwana wa Kale (Mombasa)

Dadangu, mimi nitasema lisilopendeza, uniwie radhi.

Kundi lenye watu mia mbili ni hadhira. Waliokesha nawe usiku ule ni wawili au watatu. Hao ndio rafiki zako, na waliosalia walisoma tu wakaendelea na shughuli zao. Kuhusu mumeo, ligeuze jambo upande wa pili ulitazame: lau yeye angaliandika katika kundi la madereva kwamba mkewe anatibiwa maradhi ya kike, kwa kuwa ndiye anayelipia dawa na ndiye anayekosa usingizi, je, ungalimwambia kwamba habari hiyo ni yenu sote? Sidhani. Kilichokuuma kikisemwa na mwenzio, usikiseme juu yake.

Hayo mengine ya kujitoa au kutojitoa hayana uzito mkubwa. Unaweza kubaki na ukauliza bei ya mashudu.

Binti Ugenini (Muscat)

Shikamoo Mzee wa Salamu, na salamu zangu kwa wote. Mimi ni mtu wa Tanga ninayefanya kazi za ndani hapa Oman, na nimeona niandike kwa sababu kwa baadhi yetu jambo hili halina uamuzi mwepesi kama alivyoueleza kaka yangu wa Mombasa.

Mtu aliye ugenini ana nyumba mbili za kuzungumzia. Nyumbani Tanga hupelekwa habari njema tu. Mama akiuliza, jibu ni "sijambo, kazi ni nzuri, nimekula," hata siku ambayo nimeshinda na homa nikipiga pasi. Sifanyi hivyo kwa sababu ya unafiki. Nikimwambia naumwa, hatalala, na hana la kunisaidia. Tena atawaambia wadogo zangu wasiniombe fedha za shule, nao wataacha kuniomba, na hilo litaniuma kuliko homa. Kwa hiyo ukweli wa kila siku umebaki kwa wanawake wenzangu wa mtandaoni: wa Mombasa, wa Kampala, wa Bujumbura, wengine wapo hapa hapa Oman, wengine Doha na Riyadh. Nikimaliza kazi saa tano ya usiku, nyumbani ni saa nne, na familia yangu ingali macho. Lakini ninaowaandikia kwanza ni hawa, kwa sababu ndio watakaoelewa neno "leo" lina maana gani.

Bibi yangu alipofariki sikupata ruhusa ya kusafiri. Nilipoliandika hilo, hapakuwa na hotuba. Mmoja aliweka orodha ya juzuu zote 30, kila mwenye nafasi akaandika jina lake mbele ya juzuu anayoichukua, na kabla ya Ijumaa kwisha khitma ilikuwa imetimia, watu wakisoma jikoni, vyumbani mwao, na mmoja akiwa ndani ya gari akiwasubiri watoto wa bosi wake watoke shuleni. Dada wa Kampala, ambaye ni Mkristo, aliuliza afanye nini. Akaambiwa aombe kwa namna anayoijua, akasema atafunga siku hiyo. Kaka yangu, hadhira haifanyi hivyo. Labda tofauti ni kwamba sisi tuna kitu cha kupoteza kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja anamlinda mwenzake kwa faida yake pia.

Tuna miiko, na hiyo ndiyo ninayotaka kumpa dada wa Iringa. Jina la mwajiri halitajwi. Picha ya ndani ya nyumba ya watu haiwekwi, hata kama ni ya sahani uliyopika wewe, kwa sababu nyuma ya sahani kuna pazia na kuna mtoto. Anayetaka kulalamika juu ya mtu ambaye hayumo kundini hueleza alivyojisikia yeye, haelezi mtu huyo ni nani wala alifanya nini hatua kwa hatua. Mwanzoni niliona miiko hii inatubana, lakini nimekuja kugundua kwamba moyo hutua vile vile. Kinachotuliza ni kusikika, na majina ya watu wengine hayaongezi chochote katika kusikika huko.

Ila nakusihi, usinyamaze kabisa. Nimewaona walionyamaza huku, na mwisho wao hautofautiani sana na ugonjwa.

Fundi Mitandao (Dodoma)

Naongeza upande wa vyombo, kwa sababu wengi wanauchanganya.

WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa ujumbe kutoka simu hadi simu mwaka 2016. Maana yake ni kwamba ujumbe unalindwa ukiwa njiani. Ukishafika, kila mwanachama anao mkononi mwake na anaweza kuufanyia apendavyo, na kundi moja sasa linaruhusiwa kuwa na watu hadi 1,024. Tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, lakini kikomo hicho hakiizuii skrinishoti kuanza maisha yake upya kama picha ya kawaida, bila hata alama ya kuonyesha kwamba imetoka kwingine. Ujumbe unaotoweka nao, uliokuja mwaka 2020, hufutika kundini baada ya muda mliouchagua. Haufutiki katika picha iliyokwisha kupigwa.

Wapo watakaokuambia umshitaki aliyesambaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinazilenga hasa taasisi zinazokusanya na kutunza taarifa za watu, kama benki, hospitali, shule na kampuni za simu. Ile ya Kenya inasema wazi kwamba haiyahusu matumizi ya mtu binafsi yaliyo ya kinyumbani tu. Kwa umbea wa jirani wa shangazi, nisingeanzia huko. Ningemwendea kiongozi wa kundi, kwa sababu yeye ana uwezo wa kumtoa mtu leo hii, na pia wa kufunga mlango kwa kuhakiki kila anayeongezwa. Makundi mengi huanza na watu thelathini wanaofahamiana, kisha kiungo cha kujiunga kinarushwa huku na huko, na wale wa mwanzo wanaendelea kuzungumza kana kwamba bado ni thelathini.

Mama Vifaranga (Iringa)

Nawashukuru sana. Mzee wangu, shikamoo, na maneno yako nimemsomea mume wangu kwa sauti. Alicheka mahali pa mjane kutamka majina, kwa kuwa baba yake naye alikuwa mtu wa salamu.

Kwa kaka wa Mombasa: mfano wako wa maradhi umenikaa, siwezi kuupinga. Lakini sikubaliani nawe kwamba waliosalia ni hadhira tu. Yule aliyenunua matetea hakuwa miongoni mwa waliokesha, na sikuwahi hata kulijua jina lake kabla ya siku hiyo. Msaada huja kutoka kwa mtu usiyemtazamia, na usipowaambia wengi, huyo humpati. Hapo ndipo ninapokwama: nikimwambia rafiki mmoja, siri inakaa lakini mteja hapatikani, nikiliambia kundi, mteja anapatikana na siri inatoka.

Nina jambo jingine ambalo sikulisema mwanzoni. Baada ya ujumbe wangu, mtu alifungua orodha ya michango bila kuniuliza. Walikuwa na nia njema, na fedha zilisaidia, lakini tangu siku hiyo nikiandika kwamba kuku wameanza kutaga vizuri au kwamba tumekula pilau, nahisi kuna watu wanahesabu. Je, wengine mmelipitia hili?

Mnasihi wa Kisumu

Dada, tumelipitia, na nafurahi umelitaja kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wanyamaze.

Mimi ni katibu wa chama cha wajane na kazi yangu ya mchana ni unasihi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, neno "pole" limezoea kuja na namba ya simu chini yake. Mtu anasema amefiwa na shemeji, au mtoto amelazwa, na kabla hajamaliza kueleza, orodha imeshaanza: jina, kiasi, alama ya tiki. Kila anayechangia anainakili orodha nzima na kuongeza jina lake, hivyo ujumbe ule mrefu unajirudia mara nyingi na maneno ya mwenye shida yanafukiwa huko juu, ambako hakuna anayepanda tena kuyasoma. Wasiochangia nao hunyamaza kwa aibu, hata kama walikuwa na neno zuri la kusema. Anayetaka kusikilizwa anapewa fedha, na baada ya hapo anakuwa na deni la kuonekana mnyonge kwa muda unaostahili. Ndiyo maana pilau yako inakusumbua.

Katika chama chetu tulikubaliana kwamba mwenye shida aseme mwenyewe, katika sentensi ya kwanza kabisa, anataka nini. "Naomba ushauri." "Naomba msaada wa fedha, na fulani atapokea." "Sihitaji chochote, nataka tu mjue." Ilionekana kama utaratibu mkavu wa ofisini, na wazee wetu waliunung'unikia kwa sababu kwa mila zetu mtu haombi, anaonwa. Lakini sentensi ya tatu, ile ya kutohitaji chochote, ndiyo iliyotumiwa na wengi, na wengi wao walikuwa watu ambao hawakuwahi kuandika lolote kabla.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo ninalitumia sana. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambapo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Baadhi yao juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwapata, wengine juu ya mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Katika miezi iliyofuata, walioandika mambo mazito, yale yaliyotokea pamoja na walivyojisikia, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Maandishi yale hayakutumwa kwa rafiki yeyote. Sisemi marafiki hawana kazi. Dada yetu wa Muscat ameeleza vizuri kazi yao. Ninachosema ni kwamba sehemu ya nafuu tunayoipata usiku ule baada ya kuandika haitokani na waliosoma, inatokana na sisi kupata maneno. Kwa hiyo wale ninaowashauri huwaambia waandike kwanza kila kitu daftarini, kwa hasira yote na majina yote, walale. Asubuhi wachague humo kinachofaa kwenda kundini. Mara nyingi kinachochaguliwa ni kifupi na hakina jina la mtu mwingine, na hilo, nadhani, linajibu mkwamo wako wa siri na mteja.

Kuhusu raha, hapo nina maoni makali kidogo. Tunawazoeza watu kuleta shida tu. Aliyefiwa hupata salamu mia. Aliyejenga choo kipya, au aliyemaliza mkopo, anapata dole gumba mbili na kimya. Wengine huogopa jicho la hasadi, wengine huogopa kuombwa. Matokeo yake ni kwamba baada ya mwaka mmoja kundi linamfahamu kila mtu kwa misiba yake. Mimi ningekuomba uendelee kuiandika hiyo pilau. Anayehesabu na ahesabu. Ulichangiwa kwa ajili ya ada, na ada imelipwa. Ukiona bado inakukereketa, andika mara moja tu kwamba mchango umefika, umelipia nini, na unawashukuru, kisha usiugusie tena.

Binti Ugenini (Muscat)

Hilo la raha ni kweli tupu. Kwetu, mwenzetu akimaliza mkataba salama na kurudi kwao, tunamtaka atutumie sauti akiwa uwanja wa ndege, hata kama ni kelele tupu za abiria. Tunaisikiliza kwa zamu.

Mama Vifaranga (Iringa)

Nimezungumza na mume wangu, na yeye mwenyewe amempigia mama yake, wamemalizana. Mama mkwe anasema kilichomuuma hakikuwa kukosekana kwa fedha, kilikuwa kuambiwa na jirani wa wifi yake. Kundini nitabaki. Kiongozi wa kundi amekubali kuwahakiki wanachama wote, na aliyesambaza ameandikiwa faraghani; sitaki atajwe mbele za watu.

Nimeandaa ujumbe huu, naomba mnisahihishe kabla sijautuma: "Ndugu zangu, sihitaji chochote, nataka tu mjue. Michango yenu ilifika na imelipa ada ya muhula huu. Nawashukuru sana. Mambo ya kazi ya baba watoto ataeleza mwenyewe akipenda, naomba msiniulize mimi. Matetea wapya wamefikisha wiki kumi na nne na wanakula vizuri."

Mzee wa Salamu (Morogoro)

Umekaa vizuri, mwanangu. Ningeondoa tu maneno "mambo ya kazi ya baba watoto" na kuweka "mengine ya nyumbani," kwa sababu wapo waliojiunga baadaye ambao hawakuusoma ujumbe wa kwanza, nao wataanza kuuliza ni kazi gani. Na mwonyeshe mwenzako kabla hujautuma.